Tunautetea umungu wa Yesu hadi tumeusahau ubinadamu wake

Mtoa uzi:

Wakuu, salaam.

Mabishano ya Utatu na ya Yesu ni nani hayaishi, na mengi ninayoyasoma yanakwenda hivi: Mkristo anamwaga aya za kuthibitisha kwamba Yesu ni Mungu, mwenzake anamwaga aya za Yesu kula, kulala, kuomba na kulia. Mkristo akifika kwenye hizo za pili anaanza kukwepa. Msimamo wangu ni kwamba anayezikwepa anaikimbia nusu ya imani yake mwenyewe. Aya za Yesu kuchoka na kulia ni zetu. Kanisa limezipigania kwa machozi na damu kama lilivyozipigania zile za umungu wake.

Mimi ni Mlutheri, nafundisha darasa la kipaimara usharikani kwetu. Nikiuliza kama Yesu ni Mungu, darasa zima linajibu ndiyo. Nikiuliza kama Yesu mtoto kule Nazareti alijifunza kusoma au alizaliwa anajua, wengi wanasema alijua kila kitu tangu tumboni, ila alikuwa anajifanya hajui ili asiwashtue wazazi. Hapo ndipo ninapoumia. Yesu anayejifanya mtu si Yesu wa Injili, na fundisho hilo lilikwishakataliwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Tuanze Aleksandria, maana moto uliwaka huko. Mnamo mwaka 318 padri aitwaye Ario, mtu wa asili ya Libya, alianza kupingana na askofu wake, Aleksanda. Tusimdharau Ario. Aliishi maisha ya kujinyima, aliyajua Maandiko, na hoja yake ilishikika kirahisi: Mungu ni mmoja, hana mwanzo, hagawanyiki, kama Mwana amezaliwa, basi ana mwanzo. "Kulikuwa na wakati ambapo hakuwako." Kwa hiyo Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko wote, ambaye kwa yeye Mungu aliumba vingine. Mafundisho hayo aliyatia kwenye mashairi, na inasimuliwa kwamba aliwatungia nyimbo mabaharia na wasaga nafaka. Sisi tunaojua jinsi kwaya inavyowafundisha watu kuliko mahubiri tunaelewa kwa nini yalienea upesi.

Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaitishwa mwaka 325, mahali ambapo leo ni mji wa İznik, Uturuki. Mapokeo yanataja maaskofu 318. Eusebi wa Kaisaria, aliyekuwepo, anasema walizidi 250. Walitafuta maneno ya Biblia ya kumbana Ario, lakini kila neno wafuasi wake walilikubali na kulipa maana yao. Ametoka kwa Mungu? Sawa, hata viumbe vyote vimetoka kwa Mungu. Ndipo likaingia neno la Kigiriki ambalo halimo katika Biblia, homoousios, ambalo Wakatoliki hulitamka kila Jumapili katika Kanuni ya Imani: "mwenye umungu mmoja na Baba". Mwishoni maaskofu wawili tu, Sekundo na Theona, wote wa Libya, ndio waliogoma kabisa, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Kwa nini wakomae hivyo? Atanasi, aliyekuwa shemasi kijana pale Nikea na baadaye askofu wa Aleksandria, aliitazama hoja yote kwa jicho la wokovu. Kama Mwana ni kiumbe, basi Wakristo wanamsujudia kiumbe, na hiyo ni ibada ya sanamu. Tena kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu, kwa sababu naye yuko upande huuhuu wa kwetu. Anayeokoa lazima awe Mungu mwenyewe.

Wengi wetu tukifika hapo tunafunga kitabu, tumeshinda. Lakini karne ileile, ndani ya kambi ya Nikea yenyewe, likazuka kosa la upande wa pili. Apolinari, askofu wa Laodikia ya Siria, alikuwa mpinzani mkali wa Ario na rafiki wa Atanasi. Akajiuliza: kama huyu ni Neno wa Mungu (ndivyo Yohana 1 inavyomwita Mwana), akili ya kibinadamu inamhusu nini? Akafundisha kwamba Neno alitwaa mwili, na pale ambapo mtu wa kawaida ana akili yake, kwa Yesu palikaa Neno mwenyewe. Mwili wa mtu, akili ya Mungu peke yake.

Niambieni kama huyo si Yesu wanayemfikiria Wakristo wengi wa kwetu. Kwa midomo ni watu wa Nikea, kwa mioyo ni wafuasi wa Apolinari bila kujua.

Aliyemjibu vizuri kuliko wote ni Gregori wa Nazianzo, katika barua kwa padri Kledonio: kisichotwaliwa hakikuponywa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inanitikisa. Dhambi ya mwanadamu haikuanzia kwenye nyama. Adamu aliamua kabla hajala; akili na nia ndizo zilizotangulia kuanguka. Kama Kristo alitwaa mwili tu na kuiacha akili yetu, basi mahali penyewe penye ugonjwa hakupagusa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa fundisho la Apolinari, na mtaguso huohuo ndio uliokamilisha maneno ya Kanuni ya Imani juu ya Roho Mtakatifu.

Sasa someni tena Luka 2:52: "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo." Waebrania 5:8: "na, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata." Hakuna anayejifunza kwa kuigiza. Tukikaa na mgonjwa wodini tunamwambia Yesu anakuelewa, alijaribiwa sawasawa na sisi. Atamwelewaje mtu mwenye hofu kama yeye hakuwahi kuwa na akili ya kuogopa?

Naishia hapa kwanza. Karibuni, nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

Kisiki:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Utatu aliuleta Konstantino. Mfalme alitaka dola lake liwe na dini moja, akawakusanya maaskofu wakapiga kura, Yesu akapitishwa kuwa Mungu. Hapohapo wakachagua na vitabu vya Biblia. Kabla ya 325 nionyeshe Mkristo aliyemwita Yesu Mungu.

Mtoa uzi:

Ndugu Kisiki, asante kwa kuileta hapa, maana hoja hii imeenea sana na inastahili jibu.

La vitabu kwanza. Kanuni zilizotolewa Nikea ni 20. Zinazungumzia kuwekwa kwa maaskofu, namna ya kuwapokea walioikana imani wakati wa mateso, mapadri wanaokopesha kwa riba, hata kutopiga magoti siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo.

Kabla ya 325: mnamo mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi wa Bithinia, aliwahoji Wakristo mahakamani kisha akamwandikia Kaisari Trajano kwamba wana desturi ya kukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo ni mpagani anatoa taarifa kwa bosi wake, hana sababu ya kutupendelea. Na mji wa Nikea umo ndani ya Bithinia hiyohiyo, miaka 200 kabla ya mtaguso. Ignasi wa Antiokia, akisafirishwa kwenda Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, anaandika "Mungu wetu, Yesu Kristo" kama jambo ambalo wasomaji wake wanalijua tayari. Tertuliano wa Karthago alikuwa anatumia neno Utatu, kwa Kilatini chake, mwanzoni mwa karne ya 3.

Sasa Konstantino mwenyewe. Miaka michache baada ya Nikea alimrudisha Ario kutoka uhamishoni, na baadaye akamfukuza Atanasi hadi Trier, Ujerumani ya leo. Mwaka 337 akiwa mahututi alibatizwa, na aliyembatiza ni Eusebi wa Nikomedia, mtetezi mkuu wa Ario. Mwanawe, Konstansi wa Pili, alitumia nguvu za dola kuizima Nikea. Atanasi alifukuzwa mara 5, jumla ya karibu miaka 17. Mwaka 359 maaskofu waliokusanywa Rimini na Seleukia walibanwa hadi wakatia sahihi maneno ya kwamba Mwana "anafanana" na Baba tu; Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, akaandika kwamba ulimwengu wote uliugua, ukashangaa kujikuta ni wa Ario. Kama dola ndilo lililoitunga imani hii, mbona watawala walitumia miongo mingi kuipiga vita?

Na hili lilifika hata kwa watu wa ukanda wetu. Frumensi, ambaye Waethiopia humwita Abba Selama, aliwekwa kuwa askofu wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, na Atanasi mwenyewe. Mnamo 356 Konstansi aliwaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, wamrudishe Frumensi Aleksandria akahojiwe na askofu aliyepachikwa na serikali badala ya Atanasi. Barua hiyo tunayo, kwa sababu Atanasi aliinakili katika utetezi wake. Kaisari wa Roma anaandika barua hadi Pembe ya Afrika ili kuizuia imani ya Nikea! Na kanisa la Ethiopia limebaki upande wa Nikea hadi leo.

Msomaji wa Neno:

Habari mtoa uzi. Mimi ni Shahidi wa Yehova. Naona unazunguka sana na mitaguso wakati Yesu mwenyewe alisema wazi. Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Yohana 17:3, Baba ndiye Mungu wa pekee wa kweli. Wakolosai 1:15, Yesu ni mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote. Kigumu ni nini hapo?

Mtoa uzi:

Ndugu yangu, karibu sana. Aya zako nazipokea zote, sitaitupa hata moja.

Nianze na Wakolosai. Soma mstari wa 16 na 17: katika yeye vitu vyote viliumbwa, naye amekuwako kabla ya vitu vyote. Paulo anamweka upande wa Mwumbaji. Na "mzaliwa wa kwanza" katika Biblia mara nyingi ni cheo. Zaburi 89:27 Mungu anasema atamfanya Daudi mzaliwa wake wa kwanza, juu kuliko wafalme wa dunia, na Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese.

Yohana 17:3 usiishie hapo, teremka mistari miwili. Katika 17:5 Yesu anaomba utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ya ulimwengu kuwako. Na katika Isaya 42:8 Mungu anasema utukufu wake hatampa mwingine.

Yohana 14:28 ina majibu mawili ya kale. Gregori wa Nazianzo na rafiki yake, Askofu Basili, walisema Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye chanzo, Mwana anatoka kwake, ingawa umungu ni uleule. Magharibi, akina Askofu Augustino walisema Yesu anazungumza hapo kama mwanadamu. Mimi naona yote mawili yanasimama, ila la pili linakaa vizuri zaidi na maneno ya Yesu pale, maana anaongea juu ya kuondoka kwake kwenda kwa Baba, na anayekwenda ni yeye kama mtu.

Nawaambia na Wakristo wenzangu: tuache kuwarushia watu 1 Yohana 5:7-8 ile ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja". Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Erasmo, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaacha nje katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kushambuliwa. Maaskofu waliopambana na Ario hawakuyategemea, nasi hatuyahitaji. Ukitetea kweli kwa aya ya namna hiyo unampa mwenzako sababu ya kuzishuku na zile zilizo imara.

Mama Kulwa:

Shikamoo mwalimu, kama ni mdogo kwangu basi nisamehe. Mimi nafundisha watoto Sunday school. Huwa nawaambia Utatu ni kama maji: kuna maji, barafu na mvuke, lakini ni kitu kilekile. Wanaelewa haraka. Nakosea?

Mtoa uzi:

Marahaba mama, na pole na kazi. Nakuomba huo mfano uuache, kwa heshima zote. Maji yaleyale huwa barafu, kisha yakawa mvuke. Hayawi yote matatu kwa pamoja yakizungumza. Watoto watatoka na imani kwamba Mungu ni mmoja anayebadilisha sura: leo Baba, kesho Mwana, keshokutwa Roho. Hilo lilifundishwa Roma na Sabelio katika karne ya 3, na kanisa likalikataa, kwa sababu linafanya sala za Yesu ziwe mtu anayejisemea peke yake.

Wasimulie ubatizo wa Yesu, Mathayo 3:16-17. Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni. Hapo wote watatu wapo kwa wakati mmoja, na mtoto wa miaka saba anaweza kuichora picha hiyo. Akikuuliza inakuwaje watatu wawe Mungu mmoja, mwambie wanaabudiwa pamoja, wana utukufu mmoja na mapenzi mamoja, wala hakuna kati yao aliyewahi kuwa bila wenzake. Asipoelewa yote usimlazimishe.

Nyanda za Juu:

Hapo kwa Sabelio umetugusa sisi tunaobatiza kwa jina la Yesu. Matendo 2:38 mitume walibatiza kwa jina la Yesu Kristo. Mathayo 28:19 inasema "kwa jina", si "kwa majina". Jina hilo ni Yesu. Mungu ni mmoja, si watatu.

Mtoa uzi:

Mtumishi, kwamba Mungu ni mmoja tunakubaliana kabisa, na nafahamu mnampenda Yesu kwa dhati. Tofauti hii ni ya zamani, na kwa Wapentekoste iliibuka upya California mwaka 1913, kwenye mkutano wa Arroyo Seco. Mwaka 1916 Assemblies of God wakaamua kubaki na Utatu, na wachungaji wengi wakaondoka.

Swali langu kwako ni moja. Yohana 17:24 Yesu anamwambia Baba, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Kabla ya ulimwengu hapakuwa na Bethlehemu wala mwili. Nani alimpenda nani? Ukiondoa Nafsi, yaani Baba, Mwana na Roho kuwa watatu kweli, upendo huo wa milele unabaki hauna mpendwa.

Mwana Kigoma:

Mkuu, nimewahi kuishi Addis Ababa. Wahabeshi wanasema Kristo ana asili moja, si mbili (ya Mungu na ya mtu). Tuliwahi kuambiwa hao ni wazushi. Lakini nilivyowaona wanavyofunga na kusali, nilipata shida kulikubali hilo. Wewe unasemaje?

Mtoa uzi:

Swali hili nilikuwa nalisubiri, mkuu. Nitarefusha kidogo, maana hapa ndipo historia inapouma.

Mwaka 428 Nestori alikuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli. Akapinga Bikira Maria kuitwa Mama wa Mungu. Aliona Maria alimzaa Kristo, mtu aliyeunganika na Neno. Sirili wa Aleksandria akawaka. Hoja yake ilikuwa ya kweli: ukimgawa Kristo hivyo unapata wawili, Mwana wa Mungu huku na mwana wa Maria kule, na aliyekufa msalabani anakuwa mtu tu ambaye Mungu alikuwa jirani yake. Mtaguso wa Efeso wa 431 ukamhukumu Nestori. Nakubaliana na Sirili, lakini mwenendo wake siwezi kuusifu: alifungua kikao tarehe 22 Juni bila kuwasubiri Yohane wa Antiokia na maaskofu wake, waliokuwa njiani.

Baadaye Eutike, mmonaki mzee wa Konstantinopoli, akaenda mbali upande wa pili, ikaonekana ubinadamu wa Kristo umemezwa na umungu. Mwaka 449 kikao kingine cha Efeso kikamsafisha kwa vurugu, Askofu Flaviano, aliyekuwa amemhukumu Eutike, akapigwa, akafa muda mfupi baadaye. Papa Leo akakiita kikao cha wanyang'anyi. Ndipo Oktoba 451 wakakutana Kalkedonia, ng'ambo ya Konstantinopoli, wakatamka: Kristo mmoja yuleyule, mkamilifu katika umungu na mkamilifu katika ubinadamu, mwenye roho yenye akili na mwili, wa umungu mmoja na Baba na wa ubinadamu mmoja nasi, katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa.

Angalia jinsi walivyoweka makatazo manne na kunyamaza. Hawakueleza inawezekanaje. Waliweka uzio tu kila upande ili yeyote asimpoteze Mungu wala mtu.

Misri, Armenia, Ethiopia na sehemu kubwa ya Siria hawakukubali. Masikioni mwao "asili mbili" ilikuwa ni Nestori amerudi kwa mlango wa nyuma. Wakabaki na usemi wa Sirili, asili moja ya Mungu Neno iliyofanyika mwili. Lakini, na hili ndilo watu hawalijui, Eutike nao wanamlaani. Ukimuuliza Mhabeshi kama Kristo ana mwili na akili ya kibinadamu kweli, atakwambia ndiyo. Jina la kanisa lake, Tewahedo, linahusu kuunganishwa kuwa kimoja, na si kumezwa. Kwa hiyo hapana, siwaiti wazushi.

Wameshafia msimamo huo pia. Mfalme Susenyos alipoukubali Ukatoliki hadharani mwaka 1622 kwa ushawishi wa Wajesuiti, nchi iliingia katika uasi na damu nyingi ikamwagika, hadi mwaka 1632 akairudisha imani ya zamani na kumwachia ufalme mwanawe Fasiledes. Hata wao kwa wao waliendelea kubishana juu ya kupakwa mafuta kwa Kristo na kuzaliwa kwake, mpaka mkutano wa Boru Meda wa mwaka 1878 chini ya Mfalme Yohannes wa Nne.

Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti, Wakristo wa Misri, walitia sahihi tamko la pamoja la kumkiri Kristo mkamilifu katika umungu wake na mkamilifu katika ubinadamu wake. Mwaka 1994 Yohane Paulo II akafanya hivyo na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Ashuru la Mashariki, lile ambalo watu hulihusisha na Nestori. Karne 15 za kutengana, na walipokaa mezani wakakuta wanamkiri Kristo yuleyule. Nikilifikiria hilo huwa nasikitika na kufurahi kwa pamoja.

Mgeni wa Pwani:

Assalaam aleykum nyote. Mimi ni Muislamu, nimesoma uzi mwanzo hadi hapa na sijaona matusi, nashukuru. Nina maswali mawili kwa nia njema. Yesu alipokuwa bustanini usiku ule akiomba, alikuwa anamwomba nani ikiwa yeye ni Mungu? Na mnaposema alikufa, hizo siku tatu ulimwengu uliendeshwa na nani?

Mtoa uzi:

Waaleykum salaam ndugu yangu. Maswali yako yanapiga kwenye kiini chenyewe.

La kwanza. Alikuwa anamwomba Baba, na aliomba kweli. "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mkristo akikwambia alikuwa anatufundisha tu namna ya kuomba, usimkubalie. Jasho lake halikuwa la maonyesho.

Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka kuwapatanisha waliogombana juu ya Kalkedonia, wakapendekeza isemwe kwamba Kristo ana nia moja tu, ya kimungu. Ilionekana suluhu nzuri ya kisiasa. Mmonaki mmoja, Maksimo, akakataa. Alisema kama Kristo hana nia ya kibinadamu, basi Gethsemane hakuna mtu aliyemtii Mungu. Kuna Mungu anayekubaliana na Mungu. Na sisi tulipotea kwa nia ya mtu aliyekataa kutii, kwa hiyo tunaokolewa pale nia ya mtu inapotii hadi mwisho. Papa Martino wa Kwanza, aliyesimama naye, alikamatwa na kufa uhamishoni Krimea mwaka 655. Maksimo, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alikatwa ulimi na mkono wa kulia mwaka 662, asiweze tena kusema wala kuandika, akafa mwaka huohuo. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukatamka alichokifia: nia mbili katika Kristo, ya kibinadamu ikiifuata ya kimungu bila kupingana nayo.

Hivyo anayeomba ni Mwana, Nafsi ya pili ya Utatu, na anaomba kwa moyo, akili na nia ya mwanadamu alivyovitwaa. Anaposema "mimi" hakuna wawili wanaopokezana zamu. Hata Marko 13:32, ya kutoijua siku wala saa, naisoma hivyohivyo. Kuna wazee wa kanisa waliosema alijua ila hakuruhusiwa kusema. Mimi naona walimwonea Marko aibu bila sababu. Aliyetwaa akili ya mwanadamu alitwaa na mipaka yake.

La pili. Kufa kwa mwanadamu ni roho kutengana na mwili. Hilo ndilo lililompata Yesu: roho yake ya kibinadamu ilitengana na mwili wake, mwili ukalazwa kaburini. Umungu haufi, na hakuna Mkristo wa Nikea wala Kalkedonia, wala Mhabeshi, anayesema umungu ulikufa. Lakini pia hatusemi aliyekufa ni mtu mwingine aliyekuwa pembeni yake. Aliyekufa ni Mwana wa Mungu mwenyewe, kwa ubinadamu wake. Mtaguso wa mwaka 553 ulisema wazi kwamba aliyesulubiwa kwa mwili ni mmoja wa Utatu Mtakatifu.

Na kuhusu kuendesha ulimwengu, Atanasi alilishughulikia jambo hili kabla hata ya Ario kuhukumiwa, au miaka michache baadaye, wataalamu hawakubaliani. Alisema Neno alipokuwa katika mwili hakufungiwa ndani ya mwili. Wakati uleule aliokuwa akitembea Galilaya alikuwa akivishikilia vitu vyote pamoja na Baba. Usingizini ndani ya mashua hakuacha kuvishikilia, mikononi mwa Maria hakuacha, kaburini hakuacha.

Mgeni wa Pwani:

Nimekuelewa ingawa sijakubaliana nawe. Sisi kwetu Mwenyezi Mungu hana mshirika, na naona bado mmebeba mzigo mzito. Ila hili la nia mbili sijawahi kulisikia kwenye mihadhara yote niliyohudhuria. Nitalisoma.

Mtoa uzi:

Ahsante ndugu yangu. Ukipata nafasi soma kwanza Waebrania sura ya 2 na ya 5, zote ni fupi. Ukikwama popote andika hapahapa, nitakuwepo jioni baada ya darasa.